VGA, HDMI, DisplayPort, USB-C au Thunderbolt: uchomeke ipi?

Kuna mama mmoja ana stationery mtaani kwetu, alinunua kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex 7010 ile ya mwaka 2012, imekuja na kontena kutoka Uingereza. Mashine safi kabisa. Akaipeleka dukani, akatundika TV ukutani ili wateja waone kazi zao kabla hazijaprintiwa, alafu saa mbili usiku akanipigia. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, hii kompyuta niliyouziwa haina HDMI." Nikamwambia mama geuza nyuma unisomee unachokiona. Akasema kuna kitundu cha bluu chenye vishimo vingi, na vingine viwili vinafanana na HDMI ila vimekatwa kona moja tu.

Swali la aina hiyo naulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza mara nyingi ameshanunua waya. Kwahiyo naandika hapa mara moja, we soma kabla hujatoa hela.

Tunapima nini

Kabla ya kushindanisha tukubaliane kwanza mizani. Mi naangalia vitu vitano na nitavirudia kwa kila mmoja: picha inayoweza kupita, sauti kama inapita humohumo, data na umeme, urefu wa waya, na upatikanaji, yaani TV au monita ya kawaida inalo hilo tundu au hadi utafute adapta.

Alafu kuna mambo mawili ukiyaelewa haya mengine yote yanakuwa mepesi.

La kwanza, tundu ni sahani tu, chakula kilichomo ni kitu kingine. Matundu mawili ya USB-C yanaweza kufanana kama pacha, moja linatoa picha ya 4K na kuchaji laptopu, lingine kazi yake ni kuhamisha mafaili taratibu na basi.

La pili, kifaa kinachotoa, waya, na kifaa kinachopokea vinatembea kama kundi la ng'ombe, mwendo ni wa yule mchovu. TV ya 4K, laptopu kali, waya wa zamani, utapata kile ambacho waya umeweza.

Na hesabu kidogo, usiogope. Skrini ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, kila nukta biti 24, picha inachorwa upya mara 60 kwa sekunde, hizo ndo zinaandikwa 60Hz. Zidisha hizo unapata karibu gigabiti 3 kwa sekunde, nitaandika Gbps 3. 4K ina nukta mara nne ya hizo, kwahiyo ni kama Gbps 12, bado hujaweka zile za ziada zinazoliwa njiani. Kumbuka hii 3 na hii 12, tutazitumia sana.

VGA

Picha: VGA ililetwa na IBM mwaka 1987 kwenye kompyuta zao za PS/2, enzi hizo skrini ya 640 kwa 480 ni ya kifahari. Ni analogi, yaani rangi inasafiri kama umeme unaopanda na kushuka na sio kama namba, ndo maana kila kitu njiani kinaichafua kidogo, waya mwembamba, tundu lililolegea, nyaya za umeme zilizopita karibu. 1080p inapita kama waya ni mzima, herufi ndogo zinakuwa na ukungu kidogo. 4K sahau.

Sauti, data, umeme: hakuna, hakuna, hakuna. Sauti utavuta waya wake kutoka kwenye tundu la hedifoni.

Urefu: hapa mzee bado ana heshima yake. Vuta mita 15, picha itafifia na kuota kivuli lakini itaonekana. Hizi za digitali zikizidiwa zinakata tu, unabaki na skrini nyeusi.

Upatikanaji: kila mahali kwenye vitu vya zamani. Mwezi Desemba 2010 Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG walitangaza kwamba VGA wataiaga ifikapo 2015, na kweli laptopu mpya hazina, ila mi mpaka leo waya wa VGA hautoki kwenye begi langu kwa sababu projekta za kwenye kumbi na mashule hazikusikia hilo tangazo.

Niwape moja ya kazini. Niliitwa kwenye semina, projekta inatoa picha ya njano, wenyeji wanajadili kuagiza taa mpya. Nikachomoa waya wa VGA nikachungulia mdomoni. Pini ni 15, mistari mitatu ya tano tano, namba 1 inabeba nyekundu, 2 kijani, 3 bluu. Ya tatu ilikuwa imelala kabisa. Sa bluu ikikosekana, nyekundu na kijani zikikutana kwenye mwanga zinatoa njano, taa haihusiki hata kidogo. Nikainyanyua taratibu na ncha ya peni, nikachomeka, nikakaza zile skrubu mbili za pembeni, ukuta ukarudi mweupe. Ungekuwa wa rangi ya zambarau ningetafuta pini ya kijani. Na ukikuta pini namba 9 haipo usishtuke, nyaya nyingi zimetengenezwa hivyo toka kiwandani.

Inamfaa nani: mwenye monita ya mtumba au projekta ya zamani, anayefanya kazi za Word na Excel na slaidi. Kwa huyo kununua monita mpya eti kwa sababu VGA imepitwa ni kutupa hela.

DVI nayo nitaitaja kidogo tu, ile nyeupe pana yenye skrubu, ya mwaka 1999. Ya kawaida inafika 1920 kwa 1200, ile ya pini zote inafika 2560 kwa 1600. Uzuri wake ni kwamba lugha ya DVI ya digitali na HDMI ni moja, kwahiyo kiadapta cha bei ya chini kisicho na chipu ndani kinatosha. Sauti usiitegemee.

HDMI

Picha: HDMI ya kwanza ilitoka Desemba 2002, ikisukumwa na makampuni saba wakiwemo Sony, Panasonic, Philips na Toshiba, watu wa TV wale, ndo maana ikaenea sebuleni kabla ya ofisini. Matoleo ndo yanawachanganya watu. 1.4 ya 2009 ina Gbps 10.2, rudi kwenye ile 12 yetu, 4K ya mara 60 haiingii, inaingia ya mara 30, na mara 30 utaona mshale wa mausi unavutavuta kama umelewa. 2.0 ya 2013 ina Gbps 18, hapo 4K ya 60 inakaa. 2.1 ya 2017 inafika Gbps 48, hiyo ndo ya PS5 na Xbox Series X wanaotaka 4K kwa mara 120. Na mwaka 2025 ikaja 2.2 ya Gbps 96 ambayo wengi wetu hatuna haraka nayo.

Angalizo: boksi la TV kuandikwa HDMI 2.1 sio dhamana ya Gbps 48. Masharti yenyewe yanaruhusu kifaa kiitwe 2.1 bila kuwa na kila kitu cha 2.1, kwahiyo we tafuta kilichoandikwa wazi, mfano "4K 120Hz", na uangalie ni tundu namba ngapi maana kuna TV nyingi unakuta matundu mawili tu kati ya manne ndo yana hiyo nguvu.

Sauti: inapita, tena hapa HDMI ndo baba lao. Lile tundu lililoandikwa ARC au eARC linarudisha sauti ya TV kwenye spika ya chini ya TV kwa waya uleule. Pia rimoti moja inaweza kuwasha vifaa vyote viwili, wanaiita CEC, kila kampuni imeipa jina lake.

Data na umeme: umeme ni kidogo mno, wa kuchangamsha chipu tu. Haichaji kitu. Mafaili hayapiti.

Urefu: mita mbili tatu haina shida. Ikizidi hapo ndo matatizo. Kuna ukumbi nilikuta wamepitisha HDMI ya mita 20 kwenye dari, picha inakuja sekunde kumi inakata, inakuja inakata, fundi wa kwanza ameshabadilisha laptopu mbili. Nikaingia kwenye seting nikashusha kutoka 4K mara 60 hadi 1080p, ikatulia mpaka mkutano ukaisha. Hesabu ni ileile, ule waya ulikuwa unaweza 3, umelazimishwa 12. Kwa umbali huo nunua HDMI ya faiba, na hiyo ina upande wa kutoa na upande wa kupokea umeandikwa kabisa, ukigeuza haifanyi kazi. Au tumia vile viboksi vya HDBaseT ambavyo vinapitisha HDMI kwenye waya wa netiweki hadi mita 100.

Nyaya zenyewe haziandikwi namba ya toleo, zina madaraja: High Speed, Premium High Speed ya Gbps 18, na Ultra High Speed ya Gbps 48. Ile Ultra halali ina stika ya kuskani kwa simu. Waya uliosukwa kwa kitambaa na kichwa cha rangi ya dhahabu ni urembo tu, hausemi chochote kuhusu uwezo.

Upatikanaji: TV zote, decoda, projekta mpya, laptopu nyingi. Ubaya wake hauna kufuli, mtu akipita akagusa waya umetoka, na TV za ukutani matundu yanalegea haraka kwa kuning'iniza uzito.

Inamfaa nani: mtu yeyote ambaye mwisho wa waya wake ni TV. Hapo hakuna mjadala mrefu.

DisplayPort

Hii ndo ile ya mama, yenye kona moja iliyokatwa. HDMI imebana pande zote mbili chini, hii upande mmoja tu.

Picha: ilitoka 2006 chini ya VESA, watu wa monita za kompyuta. 1.2 ya 2010 ilishafika Gbps 21.6, yaani 4K ya 60 ilikuwepo huku miaka kabla ya HDMI 2.0. 1.4 ya 2016 ni Gbps 32.4, na 2.0 ya 2019 ikapandisha hadi 80, kisha 2.1 mwaka 2022 ikaja kurekebisha. Kwa wachezaji wa gemu wenye monita za mara 144 au 165, hapa ndo nyumbani kwao, monita nyingi zinatoa kasi yake yote kwenye DisplayPort, kwenye HDMI zinabania.

Sauti: inapita vizuri, ila hamna ile ya kurudisha sauti kama ARC.

Data na umeme: hamna kwa mtumiaji wa kawaida. Kuna pini namba 20 ya umeme ndani ya tundu lakini waya sahihi hautakiwi kuiunganisha, ile ni kwa ajili ya adapta. Nyaya za ovyo zinaiunganisha, na hapo ndo unakuta kompyuta imezimwa lakini kuna kataa kanawaka, au inagoma kuwaka mpaka uchomoe monita. Ukiona mauzauza hayo badilisha waya kwanza kabla hujamlaumu fundi.

Urefu: mita mbili au tatu, haipendi safari ndefu. Ina kufuli, ndimi mbili ndogo, bonyeza kabla ya kuvuta, nimeshaona matundu yameng'olewa na watu wenye haraka.

Jambo ambalo VGA na HDMI hazina: inaweza kuunga monita moja nyuma ya nyingine, yaani kompyuta waya mmoja hadi monita ya kwanza, hiyo ya kwanza waya hadi ya pili, na kila moja inaonyesha kitu tofauti. Inaitwa MST. Windows inakubali, ila macOS haitandazi skrini kwa njia hiyo, watu wa Mac msinunue monita kwa sababu hii.

Sasa upande wa adapta, someni hapa taratibu. DisplayPort kwenye kompyuta nyingi ina alama ya ++, maana yake inaweza kujigeuza ikaongea HDMI yenyewe. Kwahiyo mama nilimletea kiwaya cha DisplayPort kwenda HDMI, kitu cha kawaida kabisa, tukachomeka, tukachagua HDMI kwenye sosi ya TV, tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, tukachagua kuiga skrini, basi. Sauti nayo ikapita baada ya kuichagua pale kwenye alama ya spika. Hivyo viwaya vya kawaida vinaishia 1080p au 4K ya mara 30, ukitaka 4K ya 60 sema unataka adapta ya chipu.

Wiki mbili baadaye kijana wake akachukua kiwaya hichohicho kakigeuza, laptopu yake yenye HDMI kwenda monita yenye DisplayPort. Kimya. Wakasema waya umekufa. Haujafa, huo ni wa njia moja, HDMI haijui kujigeuza iongee DisplayPort. Kwa safari hiyo unahitaji kiboksi chenye chipu na mkia wa USB wa kuvuta umeme. Ukienda dukani usiseme "nataka waya wa HDMI na DisplayPort", sema "kompyuta ina hiki, monita ina kile, inatoka huku kwenda kule". Sentensi hiyo itakuokolea nauli ya kurudi.

Upatikanaji: kompyuta za maofisini zimejaa, hasa HP na Dell za mtumba, pamoja na ThinkPad za zamani zenye ile ndogo inayoitwa Mini DisplayPort ambayo Apple waliileta 2008. TV karibu zote hazina.

Inamfaa nani: mwenye kompyuta ya mezani na monita, mcheza gemu, mtu wa skrini mbili tatu.

USB-C

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanalia.

USB-C ni jina la umbo, lilitoka 2014, pini 24, unachomeka upande wowote. Ndani yake kunaweza kuwa na USB 2.0 ya mwaka 2000 yenye Gbps 0.48, au 5, au 10, au 20, au USB4 ya 40 na hadi 80. Na wenyewe wenye USB wakaongeza chumvi: ile USB 3.0 ya 2008 wakaibatiza 3.1 Gen 1, kisha wakaibatiza tena 3.2 Gen 1, kitu kilekile, Gbps 5 zilezile. We achana na majina, tafuta namba ya Gbps.

Mfano ambao kila mtu anaujua: iPhone 15 ya 2023 ina USB-C, lakini ya kawaida inahamisha data kwa kasi ya USB 2.0, ile 15 Pro ndo inafika Gbps 10. Tundu moja, kasi tofauti mara ishirini.

Data: chukua mpiga video wa harusi mwenye mafaili ya GB 60. Kwenye USB 2.0 kihalisia unapata kama MB 35 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu saa, unakunywa chai mpaka unamaliza. Kwenye Gbps 5 na diski nzuri ni dakika mbili tatu. Na mara nyingi tatizo ni waya wa chaja, nyaya nyingi zinazokuja na chaja zimejengwa kwa ajili ya umeme na zina data ya USB 2.0 tu, hata ule unaokuja na MacBook wa kuchajia ni hivyohivyo. Usitumie waya wa chaja kwenye diski ukasema diski ni mbovu.

Picha: inatoka pale tu ambapo mtengenezaji ameamua kuweka, mara nyingi ni DisplayPort inayosafiri ndani ya USB-C. Angalia pembeni ya tundu: herufi D yenye P ndani yake, picha ipo, alama ya radi, ni Thunderbolt, picha ipo, alama ya betri, inachaji. Kama hamna alama yoyote, soma vipimo vya modeli yako kabla hujanunua adapta. Simu nyingi za bei ya kawaida zina USB-C isiyotoa picha, utanunua adapta ya HDMI bure. Samsung za Galaxy S kuanzia S8 zinatoa, na zina ile DeX ya kugeuza simu kuwa kama kompyuta kwenye TV.

Alafu kuna hizi habu, unachomeka moja unapata HDMI, USB tatu, kadi, kila kitu. Kwanini nyingi zimeandikwa 4K 30Hz? Kwa sababu USB-C ina njia nne za mbio, habu inagawa mbili za picha na mbili za USB, na kwenye DisplayPort 1.2 njia mbili zinabeba kama Gbps 8.6. Ile 12 yetu haiingii. Kama laptopu na habu vyote vina DisplayPort 1.4, njia mbili zinabeba karibu 13, 4K ya 60 inapita kwa kujibana. Habu yenye 60Hz kwenye laptopu ya zamani itarudi 30, sio kwamba umeibiwa.

Sauti inapita pamoja na picha.

Umeme: hapa haina mpinzani. Hadi wati 100, na kuanzia masharti ya 2021 hadi 240. Nyaya zinazopitisha zaidi ya wati 60 zina kichipu ndani kinachojitambulisha, kisipokuwepo chaja inapunguza yenyewe, ndo maana laptopu inaandika inachaji taratibu. Umoja wa Ulaya wameshalazimisha simu zinazouzwa kwao kuwa na tundu hili tangu 28 Desemba 2024, kwahiyo mtake msitake, linakuja kwa wote.

Urefu: mfupi. Waya wa kasi kubwa na picha usipite mita moja au mbili, ule wa mita tatu unaochajia kitandani ni wa kuchajia kitandani.

Kosa moja ninaloliona sana. Mtu ana laptopu yenye USB ya zamani pana, ananunua kichwa cha kugeuza kuwa USB-C, anaweka habu ya HDMI: haiwezi kutoa picha, USB ya zamani haina njia za DisplayPort. Kuna adapta za DisplayLink zinazoweza, ila zinahitaji programu kwenye kompyuta na zinakula prosesa kidogo, kwa slaidi na ofisi poa, kwa gemu hapana.

Inamfaa nani: mwenye laptopu mpya anayetaka waya mmoja tu mezani, monita inampa picha, inamchajia, na mausi na kibodi viko nyuma ya monita. Ukishazoea hiyo kurudi nyuma ni ngumu.

Thunderbolt

Kazi ya Intel wakishirikiana na Apple, 2011. Ya kwanza na ya pili zilitumia umbo la Mini DisplayPort, kuanzia ya tatu mwaka 2015 ikahamia kwenye umbo la USB-C, ndo mwanzo wa mkanganyiko. Ya 3 na ya 4 ni Gbps 40, ya 5 iliyotangazwa 2023 ni 80, na upande wa picha inaweza kupanda 120.

Tofauti yake na USB-C ya kawaida ni kwamba haikuachii ubahatishe. Ukiona radi na namba 4, umehakikishiwa skrini mbili za 4K kwa upande wa tundu, kasi ya diski, na kuchaji kwenye angalau tundu moja la laptopu nyembamba. Kompyuta yenyewe inaweza kuwa na kikomo chake lakini, MacBook Air za M1 na M2 zina Thunderbolt na bado zinakubali monita moja tu ya nje.

Sauti ipo, umeme upo, data ndo usiseme. Urefu ni mfupi, nyaya za mita mbili za Thunderbolt 4 zipo, na bei yake utafikiri unanunua kifaa kizima. Upatikanaji mdogo, kwenye maduka mengi ukiulizia unaletewa waya wa chaja.

Inamfaa nani: mhariri wa video anayefanya kazi moja kwa moja kwenye diski ya nje, mtu wa studio, mwenye doki ya ofisini, lile boksi la kuunga vifaa vyote kwa waya mmoja. Kama kazi zako ni barua pepe na kusikiliza mziki, hiyo hela nunua RAM.

Sasa we uko wapi?

Kama unaunga laptopu kwenye TV ya sebuleni kuangalia mpira, HDMI, waya wa mita mbili wa Premium, maliza.

Kama una kompyuta ya mezani ya mtumba na monita ya mtumba, geuza zote mbili nyuma. Zote zikiwa na DisplayPort tumia hiyo hata kama VGA ipo, herufi zitakaa vizuri na macho yatakushukuru. Ikiwa monita ina VGA peke yake, tumia VGA bila aibu.

Kama unacheza gemu kwenye kompyuta, DisplayPort, alafu uingie kwenye seting za skrini uhakikishe imewekwa 144, kuna watu wana monita ya 144 mwaka wa pili sasa wanaiendesha kwa 60. Kama ni PS5, huna uchaguzi, ni HDMI, na waya uliokuja nao kwenye boksi ndo mzuri, usiupe mtu.

Kama ni mtu wa kuzunguka, mwalimu, mchungaji, mtoa mada, hujui ukumbi una nini: beba habu ya USB-C yenye HDMI na VGA pamoja, na laptopu yako iwe inatoa picha kwenye hiyo USB-C. Beba na waya wa HDMI wako mwenyewe. Kama laptopu ina HDMI tu, kuna kiadapta cha HDMI kwenda VGA, kidogo kama kidole, nacho ni cha njia moja, ukikikosea ukanunua cha VGA kwenda HDMI hakitakusaidia. Chagua chenye kitundu cha sauti pembeni.

Kama unahamisha video nyingi, usihangaike na picha kwanza, angalia Gbps za tundu na waya, Gbps 10 inatosha wengi, Thunderbolt ni pale ambapo kusubiri kunakula hela ya kazi.

Na kama ndo uko dukani sasa hivi unataka kununua laptopu ya mtumba, iwe Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, ipindue uangalie matundu kabla hujauliza RAM. HP EliteBook 840 G1 na G2 zina VGA na DisplayPort, HDMI hamna. ThinkPad T480 ina HDMI na USB-C mbili, moja ya Thunderbolt 3. Mwambie muuzaji achomeke kwenye skrini yoyote aliyonayo hapohapo, kila tundu kwa zamu yake, na USB-C uijaribu pande zote mbili za kichwa, maana tundu lililochoka mara nyingi linakubali upande mmoja na kukataa mwingine. Akisema skrini ya kujaribia hana, duka la pili kutoka hapo wanayo.